Pikapu Iliyoletwa Gereji Ikiwa Safi

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za gereji ya Bulyaga, Tukuyu, na tangu siku hiyo sijatulia. Magoti yanataka kupumzika, mikono inataka spana. Ninyi mliobaki pale mmeniomba niandike kazi nilivyoifanya, maana mnasema nikisimulia kwa mdomo nakasirika katikati na kuondoka. Ni kweli. Karatasi haibishi, kwa hiyo nitafika mwisho. Msitegemee habari za vyeo; nilianza fundi nikamaliza fundi. Nitasema habari za magari, na zaidi habari ya pikapu moja ya kijiji cha Kinyala, kwa sababu ilikaribia kumharibia mtu maisha, na mimi nilikuwa ndani ya jambo hilo kuliko nilivyojua.

Nilianza katika karakana ya shamba la chai. Siku ya kwanza nilivaa suruali yangu ya kanisani, kwa kuwa mama alisema kazini si shambani. Fundi mkuu alikuwa mzee Sanga, Mkinga wa Makete, mfupi, mchache wa maneno. Aliitazama ile suruali, akanyoosha kidole chini ya trela la kubebea majani ya chai, akasema, "Ingia." Nikaingia. Nilikaa chini ya trela mpaka saa ya chakula, na hakunipa spana hata moja. Alinipa tambara, akataka nimweleze nimeona nini. Nikamwambia nimeona springi. Akasema hata ng'ombe akipita hapa ataona springi. Nikarudi chini.

Wiki tatu kazi yangu ilikuwa hiyo. Ukisikia watu wanasema walianza kazi kwa kufagia, mimi nilianza kwa kulala chali. Lakini nilijifunza kutazama. Penye vumbi laini jekundu la kutu kati ya vyuma viwili, vyuma hivyo vinasuguana, yaani kuna kitu kimelegea. Panapong'aa wakati pengine pote pamechakaa, kuna kitu kinatembea. Shokapu ikitoka jasho la mafuta, imekwisha. Bushi, ile pete ya mpira ya kwenye viungo, ukiibinya kwa mtaimbo ikafungua mdomo, imekufa siku nyingi, inasubiri mazishi tu. Sanga alisema tope la chini ya gari ni barua, na fundi asiyejua kusoma atabaki kufungua na kufunga nati mpaka azeeke.

Alikuwa na sheria nyingine kuhusu yubolti, vile vyuma vilivyopinda kama herufi U vinavyobana springi kwenye ekseli, mhimili wa magurudumu. Alitaka zikazwe mara mbili. Unakaza siku ya kazi, kisha unakaza tena gari likishabeba mzigo wake wa kwanza, kwa sababu vyuma vya springi vikibebeshwa vinajipanga upya na kuacha nafasi. Hakuna trela lililotoka mikononi mwake likakosa kurudi kukazwa. Nilimsikia vizuri kabisa akilisema hilo, zaidi ya mara mia, na hiyo ndiyo aibu yangu.

Miaka ile spea ilitoka kwa kibali. Kwingine watu wanasubiri mvua. Sisi Rungwe mvua tunayo ya kugawa, tulisubiri spea. Bushi tulizichonga wenyewe kutoka kwenye mkanda mkuukuu wa mashine ya kiwanda cha chai, tukazilainisha kwa sabuni ya mche, tukazipiga kwa nyundo ya mbao. Zilidumu. Gari lilikuwa linalia kama bata, lakini lilikwenda. Sanga hakuwahi kutupa bolti ngumu. Zote aliziweka katika kopo la maziwa ya unga, na ukiitaka moja ilibidi umwambie inakwenda wapi na kwa nini.

Kisha ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini kwa upande wetu. Shamba likapata wenyewe wapya, na wenyewe wapya wakawa na magari mapya yasiyohitaji watu wengi wa kuyabembeleza. Orodha ya waliopunguzwa kazi ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi. Jina la Sanga lilikuwa la kwanza, langu la tisa. Sanga alisoma mara moja, akaenda kufunga sanduku lake la mbao. Siku ya kupanda basi kurudi Makete alinipa lile kopo la bolti bila hotuba yoyote. Nililia, sitaki kuwadanganya. Yeye alikohoa tu, akaniambia nisiegemee trela lenye rangi mbichi.

Nilifungua gereji Bulyaga: mabati manne juu, na chini shimo la kuingilia ambalo kila mvua ikinyesha liligeuka bwawa. Kazi ilikuja kuliko nilivyotegemea. Maduka ya spea yalifunguliwa kandokando ya barabara kuu kama uyoga, na mle ndani kulikuwa na kila kitu, kimeng'arishwa, kimefungwa kwenye nailoni. Baada ya miaka ya kuchonga bushi kwa kisu, nilikuwa naingia dukani nashika bolti mpya naigeuzageuza kama mtu aliyeshika mtoto mchanga. Hakuna aliyejua ipi ngumu ipi laini. Zote ziling'aa.

Na ndizi nazo zikapata soko. Malori ya kutoka Dar es Salaam yalikuwa yanasimama barabarani kununua, na kila mkulima mwenye pikapu kuukuu alitaka kushusha ndizi nyingi kwa safari moja. Wote waliniomba kitu kimoja, niwaongezee springi. Yaani kwenye zile springi za nyuma, vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, niongeze chuma kimoja kila upande ili gari lisilale chini ya mzigo. Nilifanya kazi hiyo mpaka nikawa naiota. Mmoja akitoka shimoni mwingine anaingia, na mimi nikajiona fundi kweli.

Mmoja wao alikuwa Mzee Mwaijande wa Kinyala. Mzee wa kanisa, mrefu, koti siku zote, mwavuli siku zote, na kwa mwavuli hakukosea hata siku moja. Pikapu yake ilikuwa imezeeka shambani, lakini aliipenda. Dereva wake aliitwa Asajile. Huyu nilimfahamu tangu shamba la chai. Alikuwa dereva wa trekta, na jina lake lilikuwa katika orodha ileile ya mlangoni. Baada ya kupunguzwa alishika chupa. Hakunywa kidogo. Baraza la wazee wa kanisa likamtenga, mwaka mzima hakushiriki meza ya Bwana, na wanaotoka kwetu wanajua maana yake: unakaa benchi la nyuma na watu wanakusalimia kwa kidevu. Aliacha pombe, akasimama mbele ya washarika, akaungama, akarudishwa. Mzee Mwaijande ndiye aliyempa mkono wa kwanza. Akampa na pikapu aendeshe, ili watu waone kwamba amemwamini.

Niliongeza springi kwenye pikapu hiyo siku moja ya msongamano. Chuma kikiongezeka, bolti ya katikati inayoshika vyuma vyote pamoja na kuiweka ekseli mahali pake, senta bolti, inatakiwa iwe ndefu zaidi, na yubolti pia. Kwenye kopo la Sanga nilipata senta bolti moja tu ndefu. Niliitia upande wa kushoto. Ya kulia nilinunua dukani, nikaikata mkia kwa msumeno ili ikae sawa. Yubolti zote nilinunua dukani. Nikakaza, nikapokea shukrani, wakaenda. Sikuwaambia warudi baada ya mzigo wa kwanza. Kulikuwa na magari matatu yananisubiri nje.

Miezi michache ikapita. Siku moja nikasikia pikapu ya Mzee Mwaijande imeingia mtaroni kwenye mteremko wa kutoka Kinyala, ndizi zimemwagika. Ajali, tukasema, barabara ina utelezi. Baada ya wiki tatu ikaingia tena, upande uleule wa kushoto, mteremko uleule. Safari ya tatu ilimkosakosa mama mmoja aliyekuwa na ndoo kichwani. Hapo maneno yakaanza. Hakuna aliyemwona Asajile akinywa, lakini hakuna aliyehitaji kumwona. Mtu aliyewahi kunywa akiingia mtaroni mara mbili, watu wanamalizia hesabu wenyewe.

Mzee Mwaijande, tumpe haki yake, aliileta pikapu kwangu kwanza. Iliingia gereji inametameta. Nikaipiga jeki mbele, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, nikalishika kushoto na kulia nikalitikisa. Nikapitisha mtaimbo kwenye boljointi, vile viungo vinavyoshika magurudumu, na bushi zote za mbele. Nikalalia kila kona ya gari kwa uzito wangu na kuachia, nihesabu litadunda mara ngapi. Likidunda zaidi ya mara moja na nusu, shokapu haifanyi kazi. Tairi ya mbele kushoto ilikuwa imeliwa ukingo mmoja. Nikapata bushi moja iliyochoka na kiungo cha usukani chenye mchezo kidogo, nikabadilisha. Nyuma nilitia spana kwenye nati za yubolti, zikagoma kuzunguka. Ngumu. Nikaridhika.

Ikaenda, ikavuta tena. Ikarudi inametameta, nikabadilisha shokapu za mbele. Ikaenda, ikavuta. Mara ya tatu nililala chini yake asubuhi nzima na sikuona kitu. Chuma kisafi, kimepakwa mafuta, kimya. Niliendesha mwenyewe mpaka sokoni na kurudi, ikanyooka kama rula. Nikamwambia Mzee Mwaijande kwamba gari lake sioni ubaya. Asajile alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, kama alivyosimama mara zote tatu.

"Kama gari ni zima," Mzee Mwaijande akasema taratibu, "basi mgonjwa ni dereva."

Alisema "gali" na "deleva", kama tunavyosema sote tuliozaliwa kule, na mimi nikikasirika nasema hivyohivyo. Hakusema kwa ubaya. Nadhani ilimuuma kuliko wote, maana aliyempa Asajile mkono mbele ya watu ni yeye. Lakini baraza lilipangiwa kukaa Jumapili baada ya ibada, na kila mtu alijua litaamua nini. Akitengwa mara ya pili, pikapu inakwenda, na neno lake halitaaminiwa tena na mtu yeyote kati ya Kinyala na Tukuyu.

Jumatano Asajile alikuja gereji kwa miguu, peke yake. Njia si fupi. Akaniamkia, akakataa kukaa.

"Fundi, mimi sinywi," akasema. "Nikikuapia utaniamini?"

"Usiniapie. Niambie inavuta lini."

Akanitazama kama nimemuuliza jina la babu yake. Nami wakati huohuo nikajisikia mjinga, kwa sababu gari lilikuwa limekuja kwangu mara tatu na sikuwahi kumuuliza dereva swali hata moja. Adabu ya kwetu ndivyo ilivyo: mzee akiwapo, mzee ndiye anayesema. Niliongea na mwenye gari, na mwenye gari hakuwa anaendesha.

Akanieleza. Tupu haivuti. Ikiwa na ndizi na inapanda, haivuti. Ikiwa na ndizi na inashuka, ukikanyaga breki, inakwenda kushoto. Nikamuuliza kama anaisikia kwenye usukani. Akasema hapana, usukani unakuwa mkononi mwake umetulia, ila ni kana kwamba kuna mtu nyuma anasukuma matako ya gari. Akaomba radhi kwa neno hilo. Nikamwambia hilo ndilo neno la maana kuliko yote niliyosikia kuhusu pikapu ile. Nikamwagiza amwambie Mzee nitaitazama tena kesho yake.

Usiku nilijiuliza sana, asubuhi nikaamua nisiisubiri Bulyaga. Niliomba lifti mpaka karibu na Kinyala, nikatembea. Kabla ya kufika kwa Mzee Mwaijande kuna kijito, na hapo ndipo nilipoikuta pikapu, magurudumu majini. Asajile alikuwa chini yake na brashi ya magunzi, anasugua. Mzee Mwaijande alikuwa amesimama ukingoni na koti lake, mwavuli mkono mmoja, mkono mwingine kopo la oili chafu, akimwelekeza asisahau kupaka springi.

Nikauliza wanafanya nini. Mzee akafurahi kuniona. Akaniambia kwa fahari kwamba kila mara wakija kwangu wanaisugua kwanza juu na chini, wanaipaka oili, ili fundi asichafuke.

Kisha nikakumbuka kwamba mtu wa kwetu akienda hospitali anaoga kwanza, hata kama anabebwa. Mama yangu alinivalisha suruali ya kanisani nikalale chini ya trela. Magari yote ya Rungwe yalikuwa yanaletwa kwangu yameogeshwa, na mimi kwa miaka miwili nilikuwa nayasifu kwa usafi. Kutu jekundu, tope, mikwaruzo, kila alichonifundisha Sanga kukisoma, kilikuwa kinakwenda na maji ya kijito kabla sijaamka. Nilimkasirikia Mzee Mwaijande, nikajikasirikia zaidi.

Nikamwambia, Mzee wangu, mnanioshea dalili. Nikaomba ipakiwe ndizi saa hiyohiyo, ishuke mteremko na kuja kwangu na tope lake. Akakataa. Gari la mzee wa kanisa lipite Tukuyu limejaa tope, mbele ya watu, haiwezekani. Nikamwambia basi sitaki ifike Tukuyu, tutaishia mteremkoni, lakini mimi siondoki Kinyala mpaka pikapu hii imeniambia ina nini. Nina shingo ngumu, mnanijua. Tulibishana pale kijitoni mpaka mvua ikaanza, na Mzee Mwaijande, ambaye alikuwa na mwavuli, akachoka kabla yangu mimi niliyekuwa naloa.

Kabla ya kupakia nilichukua kamba ya katani. Nikapima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kushoto, nikafunga fundo. Nikapima kulia. Sawasawa. Nikamfanya Mzee Mwaijande aone. Ndizi zilikuwa zimerundikwa uani tayari kwa soko la kesho yake. Tukapakia mikungu mpaka springi zikalala. Asajile akashika usukani, mimi na Mzee tukabanana pembeni yake. Nikamwambia ashuke polepole kama anabeba mayai, na nikisema "sasa" akanyage breki.

Nikasema sasa. Pikapu ikapinda kiuno. Niliisikia mwenyewe, nyuma ikienda kulia, pua ikitafuta mtaro wa kushoto, na mikono ya Asajile kwenye usukani haijatikisika. Mzee Mwaijande aliishika dashibodi kwa mikono miwili. Tukasimama, tukaweka mawe kwenye magurudumu, nikashuka na kamba yangu. Kushoto, fundo lilikaa pale pale. Kulia, gurudumu la nyuma lilikuwa limerudi nyuma vidole vitatu.

Mzee Mwaijande alipima mwenyewe mara tatu. Nikalala kwenye tope. Ile oili iliyopakwa asubuhi ilikuwa imekwanguliwa, na kwenye kitako cha springi ya kulia kulikuwa na mstari mkavu unaong'aa, upana wa vidole vitatu. Ekseli ilikuwa inateleza chini ya springi. Breki na mzigo vikiivuta inarudi nyuma, na gari likianza kupanda injini inaisukuma mbele mpaka mahali pake. Mteremko ukiisha, kufika kwangu ni kupanda. Kila mara pikapu ilikuwa inajitibu njiani na kuingia gereji ikiwa nzima.

Tulishusha ndizi hapohapo barabarani, nikafungua. Nati za yubolti zilikuwa zimegoma si kwa sababu zimebana, bali kwa sababu zilikuwa zimefika mwisho wa nyuzi. Yubolti za dukani zilichongwa nyuzi fupi, na springi ilipojipanga chini ya mzigo nati haikuwa na pa kwenda. Senta bolti ilitoka vipande viwili. Niliitambua kabla sijaifuta tope. Mkia wake ulikuwa na alama ya msumeno wangu.

"Kumbe alizidisha mzigo mpaka akavunja bolti," Mzee Mwaijande akasema.

Asajile alikuwa ameinama anapanga mikungu ya ndizi. Aliendelea kuipanga. Na mimi, vijana, nilinyamaza. Naandika hili ili mjue. Nilikuwa nimemwondolea mashtaka ya pombe na papo hapo nikamwacha abebe mashtaka ya mzigo, kwa sababu bolti ilikuwa mkononi mwangu na wateja wangu wote walikuwa watu wa Mzee Mwaijande. Nikatia vipande mfukoni. Nikaifunga pikapu kwa muda, nikaifuata mpaka Bulyaga, nikatia senta bolti ngumu na yubolti zenye nyuzi ndefu. Mzee akaniomba nije Jumapili nilieleze baraza kuhusu bolti. Nikasema nitakuja.

Ijumaa na Jumamosi sikufanya kazi ya maana. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia meno.

Baraza lilikaa kwenye chumba cha pembeni ya kanisa, wazee saba kwenye mabenchi mawili, Asajile kwenye kiti peke yake. Niliweka vipande vya bolti mezani. Nikaeleza habari ya kamba na vidole vitatu, na Mzee Mwaijande akathibitisha. Mwenyekiti akanishukuru. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama bolti ya namna hiyo inaweza kukatika kwa sababu ya dereva kuzidisha mzigo.

Inaweza. Ningesema neno hilo moja ningekuwa sijadanganya. Asajile alikuwa anatazama viatu vyake, na nikaona hategemei chochote kutoka kwangu. Hilo ndilo lililonisimamisha.

"Wazee wangu, inaweza, lakini hii haikukatika hivyo," nikasema. "Bolti hii niliiweka mimi. Ni laini, nilinunua bila kuipima, nikaikata kwa mkono wangu. Yubolti zilikuwa mbovu, nilizifunga mimi. Gari lilitakiwa lirudi likazwe baada ya mzigo wa kwanza. Nilifundishwa hivyo na sikuwaambia, kwa sababu nilikuwa na haraka. Alhamisi barabarani nilijua yote haya, nikanyamaza. Kama kuna mtu wa kukalia kile kiti, ni mimi. Huyu alikuwa analizuia gari langu bovu lisiue mtu."

Mzee Mwaijande aliinuka, na mimi nikajua nimepoteza Kinyala yote. Akanipita, akaenda mpaka kwenye kile kiti. Akainama mbele ya Asajile, yeye mzee, akamwita mwanangu, akamwomba msamaha kwa Kinyakyusa. Asajile akasimama kwa heshima na kusema ndaga tu, yaani asante. Kesi ikaisha bila mtu kusema imeisha.

Nje Asajile alinifuata mpaka getini. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Akasema hivi:

"Fundi, miezi hii yote, kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, nilikuwa nampulizia mke wangu usoni. Namwambia ninuse. Anasema hunuki. Nami nilikuwa simwamini. Nilianza kufikiri labda nakunywa na kusahau."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikaenda nyumbani, nikakataa chakula.

Jumatatu nilifunga gereji. Nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikaandika kwa kukumbuka pikapu zote nilizoziongezea springi tangu nifungue, kumi na moja, na majina ya wenyewe. Nikatia spana, kamba na bolti ngumu mkobani, nikaanza kuzifuata moja moja. Kila nilipofika niliomba isioshwe. Watu walinicheka, wengine waliona natafuta kazi. Ya kwanza ilikuwa inahitaji kukazwa tu. Ya pili pia. Ya tatu ilikuwa Kiwira, na nilipopima kamba upande mmoja ulikuwa umezidi. Nikafungua. Senta bolti ilikuwa vipande viwili, na mkia una alama ya msumeno.

Mwenye gari alikuwa mtu mchangamfu. Alinishikia mwavuli wakati nafunga bolti mpya, akanisimulia kwamba pikapu hiyo ilikuwa na mkosi zamani, inapenda mtaro, lakini shida yenyewe ilikuwa dereva wa kwanza, mlevi, hata akikana. Alimfukuza tangu mwaka jana. Huyu wa sasa ni mzuri, ila naye ameanza kuyumba kidogo.

Nikakaza nati ya mwisho. Nikamuuliza huyo dereva wa kwanza anaitwa nani na kwao ni wapi. Akanishangaa, lakini akanielekeza: juu kule, nyuma ya mgodi wa makaa ya mawe, uulize, kila mtu anamjua yule mlevi. Nikafuta mikono, nikabeba mkoba, nikaanza kupanda.